Dada, Unanunua Tiketi au Unanunua Meli?

Kila chombo kinapozama katika nchi hii, hata kabla wazamiaji hawajamaliza kazi yao, hujitokeza mtu mbele ya vipaza sauti akatuambia mambo mawili. La kwanza, ajali haina kinga. La pili, abiria wajifunze kuchagua vyombo salama na waache kujazana. Mimi ni mwandishi wa habari, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba kalamu yangu inayajua kabla msemaji hajafungua mdomo. Leo nataka kuyajibu, kwa sababu ukiyaweka pamoja yanagombana. Kama ajali haina kinga, kuchagua kunasaidia nini? Na kama kuchagua kunasaidia, basi ajali ina kinga, na ninachotaka kujua ni nani aliyeificha.

Msimamo wangu ni huu: abiria wa pwani yetu hachagui meli, anabahatisha. Mtu huchagua anachokijua. Asichokijua anakipigia ramli.

Tuanze na mahali ambapo kuchagua meli kupo kweli, ili tujue tunazungumzia nini. Mtu anayetaka kutalii kwa meli kwenye pwani ya Pasifiki, tuseme kutoka Seattle hadi Alaska, huanza safari yake akiwa ameketi nyumbani. Anaona meli iliundwa mwaka gani na inachukua abiria wangapi. Anaona ramani ya kila sitaha, na kama anaogopa kutapika, anachagua chumba cha katikati, chini, ambako meli haiyumbi sana. Anajua itafika Ketchikan siku gani, Juneau saa ngapi, na itaondoka saa ngapi. Taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, huingia kwenye meli hizo, hukagua majiko na matangi ya maji, kisha hutoa alama kati ya 100 na kuzitangaza hadharani. Meli ikipata 85 kushuka chini, imefeli, na dunia nzima inajua imefeli. Hebu fikiria: kule mpaka usafi wa sufuria una alama. Huku kwetu hata umri wa meli ni siri ya mwenye meli.

Kabla hujaniambia kwamba wale ni matajiri na sisi ni sisi, kumbuka kwamba wao nao hawakuzaliwa na hekima hiyo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulianza kwa sababu ya Titanic iliyozama mwaka 1912. Meli ya Costa Concordia ilipopinduka Italia Januari 2012, kanuni zikabadilishwa tena: tangu mwaka 2015, abiria wanaoanza safari ndefu lazima wafanye mazoezi ya kujiokoa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Wao pia walizika. Tofauti ni kwamba wao walizika wakaandika kanuni, sisi tukazika tukasema kudra.

Na pwani hiyohiyo ya Pasifiki imewahi kutuletea chombo. MV Skagit iliundwa mwaka 1989 huko Louisiana, ikawa inabeba wafanyakazi wa Seattle asubuhi na jioni, kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu na visiwa. Kule ilijulikana kuwa ni boti ya abiria 250 na ya safari fupi. Mwaka 2011 ikauzwa, pamoja na pacha wake Kalama, ikaja Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Zilitangazwa nafsi 290 ndani yake, watoto 31 wakiwamo. Kati ya watu waliopanda asubuhi ile, nani alijua kwamba boti aliyoipanda ilikuwa imezoea maji ya aina gani? Historia yake ilikuwa wazi kabisa kwa mtu wa Seattle. Kwa mtu wa Mkunazini au Kariakoo ilikuwa boti tu, na tiketi yake ilisema bei na tarehe.

Haya, sasa njoo Tanga. Mimi ni wa Mabawa. Mtaani kwetu Pemba si nchi ya mbali, ni ya shangazi na wajomba. Kwenye ramani mkondo huu ni kama kilomita 60 tu, lakini ni mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na kusi likivuma hauna mzaha. Mtu wa Mabawa anayetaka kuvuka ana njia tatu. Anaweza kusubiri meli ya abiria na magari inayounganisha Unguja, Pemba na Tanga, ambayo ina siku zake. Anaweza kupanda basi hadi Dar es Salaam, kama kilomita 350, kisha boti hadi Unguja, kisha chombo kingine hadi Pemba: yaani anaizunguka bahari ili afike mahali ambapo tai angefika kwa pumzi moja. Au anaweza kushuka ufukweni kwenye bandari bubu, akaingia kwenye mashua ya mbao pamoja na magunia ya viazi vya Lushoto na machungwa ya Muheza.

Wenye ofisi wakiona watu wanachagua hiyo ya tatu, husema watu hawa hawajielewi. Wanajielewa sana! Jirani yetu mmoja, mama wa Kipemba, alipata habari ya msiba jioni, na maziko yalikuwa kesho yake. Meli ya siku tatu mbele ingemsaidia nini? Njia ya Dar es Salaam ingemgharimu nauli tatu na angekuta kaburi limeshafukiwa. Alikwenda kwa mashua. Akafika, alhamdulillahi. Lakini Januari 2017 chombo kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama karibu na kisiwa cha Jambe, hapa hapa mbele ya macho yetu, na watu 12 wakafa. Walikuwa na safari zao kama yeye. Hakuna aliyeamka akasema leo nichague hatari.

Tusiishie kwenye mashua, maana hapo ndipo wakubwa hupenda tuishie. Siku moja nilikwenda kukata tiketi kwa wakala mmoja, simtaji, nikamuuliza karani maswali matatu. Meli hii iliundwa lini? Inaruhusiwa kubeba abiria wangapi? Mara ya mwisho ilikaguliwa lini? Kijana akanitazama kama niliyemwomba nenosiri la benki. Akasema, "Dada, unanunua tiketi au unanunua meli?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, maana bwana kasema vizuri. Lakini nikitafuna ugali, mtu akiniuliza kama nimeuliza unga umetoka wapi, hanicheki. Nikinunua dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa kwenye boksi. Nikipanda basi, angalau namba ya abiria imeandikwa ubavuni. Chombo kinachoniweka juu ya maji marefu usiku kucha, hicho ndicho nisikiulize?

Tumezoea kusoma ndani ya mabasi: abiria chunga mzigo wako. Sawa, mzigo tumeuchunga. Sasa abiria anachungwa na nani?

Turudi kwenye lile neno la kujazana, kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote. MV Spice Islander, iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967, ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya abiria 645. Tume iliyoundwa baadaye na serikali ikaja kusema kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Baada ya hapo watu wakaanza: ah, Waswahili bwana, kwa kujazana! Hebu tufanye hesabu ya darasa la pili. Abiria wa 646 anajuaje kwamba yeye ni wa 646? Hana namba mgongoni. Alilipa, akapewa karatasi, akaruhusiwa kupita getini. Anayejua kwamba idadi imetimia ni mtu mmoja tu, yule mwenye kitabu cha tiketi, na anayeweza kumzuia ni mmoja tu, yule mwenye funguo ya geti. Kumlaumu abiria kwa kujaa kwa meli ni sawa na kuilaumu sukari kwa chai kuwa tamu.

Na kitabu hicho chenyewe kina ubaguzi wake. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa, ilionekana kuwa orodha ya abiria ilikuwapo ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Aliyelipa zaidi alikuwa na jina. Aliyelipa kidogo alikuwa mzigo, tena mzigo bila stakabadhi. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, cha watu 101, kikapinduka karibu na Ukara wakafa zaidi ya watu 220. Namba zinabadilika, hadithi ni ileile: chombo kina kiwango, kiwango kinajulikana ofisini, getini hakijulikani.

Ndiyo maana nasema lugha yetu ya baada ya ajali inatumiwa vibaya. Kudra ni neno zito la imani, linamfariji aliyefiwa, na sina ugomvi nalo nyumbani kwa mfiwa. Mfiwa akisema ni kazi ya Mungu, naitikia na namshika mkono. Mwenye meli akisema hivyo, nasimama. Mungu hakuuza tiketi zaidi ya ruhusa. Neno hilohilo kwa mfiwa ni sabuni ya machozi, kwa mwenye meli ni sabuni ya kunawia mikono. Na sisi wa magazeti tunapolichukua kutoka kinywani mwake na kulipandisha kwenye kichwa cha habari, tunamshikia beseni.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: mkianza kutangaza umri wa vyombo, wenye vyombo wataondoka, na Pemba itakatika. Sijasema vyombo vikongwe vifungwe. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 na ilifanya kazi Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Uzee wa chombo si dhambi, dhambi ni kuuficha. Kama chombo ni cha zamani lakini kimetunzwa, mwenyewe ajisifie, aandike tarehe ya ukaguzi kwa herufi kubwa. Biashara inayokufa kwa sababu mteja ameambiwa ukweli ilikuwa inaishi kwa nini?

Jibu la pili ni hili: maskini hata akijua atapanda tu, kwa sababu hana njia nyingine. Hili linauma zaidi kwa sababu lina chembe ya ukweli. Lakini linamdharau maskini. Mama wa Mabawa akijua kwamba kusi leo limechachamaa, anaweza kumwacha mtoto nyumbani. Akijua makoti ya kujiokolea ni pungufu, anaweza kugoma, na wakigoma watu thelathini nahodha atayatafuta. Akiona namba ya tiketi zilizouzwa imepita ruhusa, ana kitu cha kumwonyesha askari. Habari haimpi meli mpya. Inampa mdomo.

Kwa hiyo sidai meli za kitalii, wala sidai chumba chenye dirisha la baharini. Nadai ubao. Ubao mmoja kila gati, kuanzia Tanga na Pangani hadi Wete na Mkoani, wenye mistari sita, kwa Kiswahili, kwa herufi anazoweza kusoma bibi asiye na miwani: mwaka chombo kilipoundwa, abiria wanaoruhusiwa, makoti ya kujiokolea yaliyomo, ya watoto yakiwa mbali, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, hali ya bahari ya leo kwa mujibu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na idadi ya tiketi zilizouzwa mpaka dakika hii. Na kila anayepita getini, wa daraja lolote, pamoja na mtoto aliye mgongoni, jina lake libaki nchi kavu.

TASAC wapo upande wa Bara, ZMA wapo Zanzibar, na wote wawili hukagua vyombo. Maana yake takwimu hizo tayari zipo kwenye mafaili yao. Gharama ya kuzitoa ni rangi, brashi na mbao mbili. Huko Tanga gati zimepanuliwa kwa mabilioni ya shilingi ili meli kubwa za mizigo zitie nanga. Mbao mbili hazitashinda bajeti.

Siku ubao huo utakaposimama, mtu akishika kipaza sauti na kuniambia nichague chombo salama, nitamsikiliza. Mpaka siku hiyo aniache nimuulize karani meli ina miaka mingapi, na foleni icheke itakavyo. Ndiyo, kijana wangu: nanunua tiketi. Lakini nitakayelala juu ya hiyo meli ni mimi.