Tusifundishwe Vitufe, Tufundishwe Kukata

Katika semina moja ya istilahi muhula uliopita, mwenzetu alisimama akasema kwamba uhariri wa video si kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili. Sisi, alisema, tushughulike na fasihi na isimu, mambo ya kompyuta tuwaachie watu wa kompyuta. Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga, na wakati ule sikuwa na maneno ya kumjibu. Sasa ninayo.

Natoka Mella, wilayani Tororo, upande wa Uganda, si mbali na Malaba. Kwetu mtoto husikia Kiateso au Kidhopadhola nyumbani, Kiingereza shuleni, na Kiswahili barabarani kwa madereva wa malori na wachuuzi wanaovuka mpaka. Likizo zangu tatu zilizopita nimezipitisha katika kibanda kimoja cha picha na video kando ya barabara. Tunarekodi harusi, mahafali, uzinduzi wa makanisa, na zaidi ya yote mazishi. Wateja wetu wako pande zote mbili, Tororo na Busia, Uganda na Kenya. Kazi yenyewe hufanyika kwa Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine inayotukutanisha sote.

Mwaka uliopita mwenye kibanda alibadilisha programu. Tuliyokuwa tukiitumia ilikuwa nakala ya zamani sana ya Premiere Pro, na kompyuta ilikuwa ikikwama kila baada ya nusu saa. Akaweka DaVinci Resolve, kwa kuwa ina toleo la bure. Hakuna aliyetufundisha. Kila mmoja alichukua simu yake akatafuta video za mafunzo za dakika tatu, zote kwa Kiingereza, zote zikisema bonyeza hiki, kisha bonyeza kile. Nikajifunza jinsi ya kufuta kipande kwa namna ambayo vipande vinavyofuata vinajisogeza vyenyewe kuziba pengo. Nilifurahi. Zamani nilikuwa nikikata, nafuta, kisha navuta kipande kimoja kimoja kwa mkono.

Siku chache baadaye nilipewa mazishi ya mzee mmoja, ng'ambo, Busia ya Kenya. Sauti ya kwenye jukwaa ilirekodiwa kwa kinasa sauti cha pembeni, hivyo ilikaa kwenye njia yake, chini ya picha. Kwa kuogopa kuiharibu, niliipiga kufuli. Kisha nikaanza kusafisha picha: mtu anayetafuta kipaza sauti, mtoto anayepita mbele ya kamera, vimya virefu. Nilifuta mapengo mengi. Kila nilipofuta, picha ilisogea mbele. Sauti, kwa kuwa nimeifunga mwenyewe, ilibaki palepale. Sikuangalia mpaka mwisho. Nilinakili kwenye flashi sita, zikapelekwa kwa familia, na moja ikaenda kwa mtoto wao aliye ughaibuni.

Mama mjane alikuja kibandani siku ya tatu. Hakugomba. Aliketi, akaomba tumwoneshe sehemu anayozungumza yeye. Kwenye kioo mdomo wake ulikuwa ukisema maneno ya mwisho kwa mumewe, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume anayesoma orodha ya michango ya pesa. Akasema, "Mwanangu, hii sauti si yangu." Nikasema, "Samahani, mama," nikakosa la kuongeza.

Tulirekebisha. Faili asili zilikuwepo, ikanichukua usiku mbili. Lakini flashi ile ya ughaibuni ilikuwa imeshatazamwa.

Mnaweza kusema huo ulikuwa uzembe wangu tu. Ulikuwa uzembe, sikatai. Ila nimejiuliza nilikosa nini hasa. Kitufe nilikijua, na nilikibonyeza sawasawa. Nilichokosa ni maana ya kitendo. Mtu angeniambia kwa lugha yangu kwamba mstari wa muda ni kama foleni ya malori Malaba, kwamba picha ni foleni moja na sauti ni foleni ya pili, kwamba lori likiondolewa katikati ya foleni ya kwanza yote yaliyo nyuma yake yanasogea, na kwamba ukiizuia foleni ya pili isisogee basi malori yaliyokuwa bega kwa bega hayatakuwa tena bega kwa bega, nisingefanya kosa lile. Maelezo hayo ni ya nusu dakika. Hakuna video hata moja kati ya nilizotazama iliyonipa, na kama ilinipa, ilinipa kwa Kiingereza cha haraka kilichonipita.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzetu wa semina. Kilichokosekana kibandani kwetu ni lugha. Kompyuta ilikuwepo.

Tazameni zana nne za kupunguza na kusogeza vipande, ambazo kila mwanafunzi wa uhariri huziogopa. Katika Premiere Pro ya kwanza iko kwenye herufi B, ya pili kwenye N, ya tatu Y, ya nne U. Aliyekariri herufi hizo akahamia Resolve atabonyeza B, na badala ya kupata zana ya kukata na kuvuta atapata wembe. Atabonyeza N, na kitakachobadilika ni tabia ya vipande kunasana. Huko Resolve zote nne ziko ndani ya hali moja ya kupunguza, herufi T, na kinachoamua ni mahali unapoweka kipanya juu ya kipande. Kwa hiyo elimu yote ya herufi imekufa siku moja. Vitendo vyenyewe havikufa, ni vilevile.

Na vitendo hivyo mtu wa mpakani anavielewa upesi kuliko profesa. Cha kwanza nimeshakieleza, ni kukata na kuvuta foleni. Cha pili ni kusogeza mpaka: vipande viwili vimepakana, unausogeza mpaka wenyewe, na kiasi anachopata huyu ndicho anachopoteza yule. Urefu wa jumla haubadiliki hata kidogo. Mweleze hivyo mzee yeyote wa Mella aliyewahi kuona jirani anang'oa jiwe la mpaka usiku, hatakuuliza swali la pili. Cha tatu ni kama dirisha la basi. Dirisha halihami, halipanuki, ila mandhari nje yanabadilika: kipande kinabaki pale pale kwa urefu ule ule, lakini kinaonesha sehemu ya mapema zaidi au ya baadaye zaidi ya rekodi. Nitauita utelezi, mpaka apatikane mwenye neno bora. Cha nne nitakirudia baadaye.

Sasa wapo wanaopinga kujifunza zana mpya kabisa, na siwadharau. Mwenye kibanda chetu ni mmoja wao, ingawa alibadilisha programu kwa lazima. Husema, "Kijana, wembe na mkono vinatosha." Wana hoja. Mwaka 2011 Apple walipotoa Final Cut Pro X, walibadilisha mstari wa muda wote, vipande vikawa vinavutana kama sumaku, na programu hiyo mpya haikuweza kufungua kazi zilizotengenezwa katika Final Cut Pro 7. Wahariri wenye uzoefu wa miaka walipiga kelele dunia nzima, na walikuwa na haki kupiga kelele, kwa sababu kazi zao za nyuma zilifungiwa nje. Baadhi ya vilivyoondolewa vilirudishwa baadaye. Kwa hiyo anayesema "kipya si lazima kiwe bora" hajakosea.

Anachokosea ni kudhani kwamba atabaki na kile cha zamani. Kompyuta itakufa. Leseni itakwisha: tangu 2013 Adobe wanauza matoleo mapya ya programu zao kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, na kwa kibanda cha Mella hiyo ni kodi ya pili ya nyumba. Hata Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyeonesha dunia nzima kwa filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 kwamba filamu inaweza kutengenezwa kwa kompyuta zilizounganishwa kwa vipuri, hakukwepa adha hii. Faili zake asili hazikubaki kwa sababu nafasi ya kuhifadhi haikutosha, na filamu tunayoitazama leo ndiyo ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Anayefanya kazi kwa vifaa duni ndiye anayehamishwa mara nyingi kutoka chombo hadi chombo, na ndiye anayehitaji zaidi elimu inayohamishika.

Vijana wenzangu wana kosa la upande wa pili. Wao husema simu inafanya yenyewe. Ni kweli, CapCut kwenye simu huziba mapengo yenyewe katika njia kuu, nawe hujui hata kama kulikuwa na pengo. Kwa video ya sekunde thelathini hakuna tatizo. Lakini kwa mazishi pengo lina maana. Kimya cha mjane kabla hajataja jina la mumewe ni sehemu ya hotuba yake. Ukilelewa na chombo kinachochukia pengo, utalichukia nawe, na hutajua kwamba uliwahi kupewa nafasi ya kuchagua.

Na hapa Kiswahili kina neno la kusema ambalo Kiingereza cha vitufe hakina. Sisi tunatofautisha kusogea na kusogeza. Kipande kimesogea, au mimi nimekisogeza? Swali hilo moja, likiulizwa kila baada ya kitendo, lingeniokoa. Tunatofautisha pia kukatika na kukatwa. Mteja akisema "sauti imekatika," najua nianze na waya na kinasa sauti. Akisema "sauti imekatwa," ananitazama mimi. Walimu wetu hutufundisha kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika. Vikombe hivyo tumevivunja vya kutosha! Leteni mstari wa muda darasani mwone minyambuliko ikifanya kazi ya mshahara.

Tatizo la sauti kuachana na picha, kwa taarifa ya wanaodhani haya ni mambo ya juzi, limeingia kwetu pamoja na sinema ya Kiswahili yenyewe. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, kulikuwa na mradi wa kikoloni wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Picha ilikuwa kwenye mkanda, maelezo kwenye sahani ya santuri iliyochezwa pembeni. Mkanda ukikatika ukaungwa umepungua, na santuri haipungui. Ni kosa langu lile lile, miaka tisini kabla.

Najua jibu la mwisho la wapinzani wangu, nalo ndilo linaloniudhi: tusubiri baraza litoe istilahi. Tumesubiri mara ngapi? Kwa mashine moja tulipewa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mpaka leo mtoto anayevuka kutoka Busia hii kwenda Busia ile anaweza kubadilisha jina la mashine bila kubadilisha mashine. Sisemi mabaraza hayafai. Nasema yamezoea kutoa nomino, na kibandani tunahitaji vitenzi. Walipoamua kutenda, wasomi wetu waliweza: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa programu nzima, na mimi naomba maneno manne.

Upande wetu wa Uganda jambo hili ni zito zaidi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Vizuri. Lakini mzazi wa Mella anauliza mtoto atakula nini na hicho Kiswahili. Tukimjibu kwa ngeli peke yake ametushinda. Kijana anayejifunza kazi ya video kibandani kwetu aliacha shule mapema, Kiingereza chake hakitoshi kwa video za mafunzo, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha baadhi yetu tulio na alama za juu. Yeye ndiye msomaji tuliyemwahidi nchi, na hatujamwandikia hata ukurasa mmoja.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kazi ya mwisho ya somo la istilahi iruhusu mwanafunzi kwenda kwenye kibanda, karakana, au jiko, akae na wanaofanya kazi, na arudi na vitenzi vyao vikiwa na maelezo ya mtu anayeweza kuvitumia. Vipimwe kwa kupewa mgeni asiyejua kazi: akiweza kutenda kwa maelezo hayo, alama zitolewe, na asipoweza, zisitolewe. Tuliokuwa tukipata alama kwa kunakili orodha kutoka kamusi tutaumia kidogo.

Ile zana ya nne, ambapo kipande chenyewe kinahama kati ya majirani wawili bila kurefuka wala kufupika, jirani wa mbele akipungua na wa nyuma akiongezeka, niliihangaikia wiki nzima nikitafuta neno. Nilimwonesha kijana wetu kwenye kioo mara moja tu. Akacheka, akasema ni kama abiria wa katikati kwenye kiti cha matatu anayejisogeza dirishani: yeye hakukonda, ila wa dirishani amebanwa na wa mlangoni amepata nafasi. "Hiyo ni bana jirani," akasema, akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo hakuna kibandani aliyeiita vingine.