Safu za msikitini na safu za barabarani: nafasi kati ya pikipiki ni amana



Juma hili tuyaweke kando mazungumzo ya jikoni na ya masomo ya watoto, tutoke barabarani. Mkoani Ruvuma, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi yetu, pikipiki ndiyo chombo kinachobeba shughuli zetu. Maulidi yakiwa Mbamba Bay, vijana wa Mbinga huteremka ziwani kwa pikipiki. Msiba ukitokea milimani, jamaa wa Liuli na Lituhi hupanda kwenda kuzika kwa pikipiki, na si ajabu zikawa kumi au zaidi kwa pamoja. Kusindikizana huku ni katika wema wa jamii yetu. Lakini ndani ya wema huo imeingia desturi ya hatari, nayo ni kufuatana kwa kugandana, gurudumu la huyu likikaribia kulamba gurudumu la yule, kwa kudhani kwamba ukaribu ndio umoja.

Tunapoingia katika sala tunafundishwa kuzinyoosha safu na kuziba mianya, bega kwa bega. Barabarani adabu hugeuka. Pale mwanya ndio usalama, na anayeuziba humnyang'anya mwenziwe haki ya kusimama salama.

Tuitazame njia yenyewe. Mji wa Mbinga uko katika nyanda za juu za Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi. Tofauti yote hiyo huteremkwa katika kilometa zipatazo 66, kwa miteremko na kona zinazofuatana. Zamani vumbi na tope vilimlazimisha kila mtu aende polepole. Sasa lami imefika hadi Mbamba Bay, alhamdulillah, na safari imekuwa nyepesi. Lakini lami iliyorahisisha safari ndiyo hiyo hiyo iliyoongeza mwendo, na mwendo una hesabu yake.

Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa hukata takriban mita 17 kila sekunde. Jicho linapoona hatari, akili huchukua muda kuitambua na mkono huchukua muda kuufikia wenzo wa breki. Kwa mtu aliye macho, muda huo ni kama sekunde moja, na aliyechoka huhitaji zaidi. Kwa hiyo mita 17 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Baada ya hapo, hata kwenye lami kavu na kwa breki nzima, zinahitajika mita nyingine 20 hivi ndipo chombo kisimame. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Anayehitaji mita 5 akiwa kwenye kilometa 30 kwa saa, atahitaji mita 20 akiwa kwenye 60.

Sasa mweke kijana mita 8 nyuma ya mwenzake katika mwendo huo. Mbuzi akikatiza na wa mbele akashika breki kwa nguvu, wa nyuma atakuwa amekwenda zaidi ya mita hizo 8 kabla mkono wake haujaamka. Wa tatu naye haoni mbuzi. Anaona mgongo wa wa pili. Kila mmoja huchelewa juu ya kuchelewa kwa aliyemtangulia, na ndiyo maana katika msafara uliogandana anayeanguka mbele huangukiwa na nduguze.

Kipimo kinachotumika duniani ni nafasi isiyopungua sekunde mbili. Namna ya kuipima haihitaji chombo chochote. Chagua alama iliyo kando ya njia, nguzo au mti. Mwenzako wa mbele akiipita, anza kusoma "Bismillahir Rahmanir Rahim" kwa utulivu, bila kuharakisha. Ukiifikia alama kabla hujamaliza, umekaribia mno, punguza mwendo. Mvua ikinyesha, ukungu ukitanda, au ukiwa umebeba abiria, isome mara mbili. Kwenye barabara za vumbi za vijiji vya mwambao, subiri hadi vumbi la mwenzako litue na uione njia, hata ikibidi kubaki nyuma sana.

Kwenye sehemu iliyonyooka na yenye lami pana, msafara waweza kwenda kwa kupishana. Kiongozi hukaa upande wa kulia wa njia yake, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena. Hapo kila mmoja huwa na sekunde moja kutoka kwa aliye mshazari naye, na sekunde mbili kutoka kwa aliye mbele yake moja kwa moja. Mkifika kwenye kona, daraja jembamba au changarawe, rudini katika mstari mmoja. Kwenda sambamba, wawili wakizungumza huku wakiendesha, hakufai popote, kwa sababu wa kushoto hana pa kukimbilia.

Wapo watakaosema kwamba msafara wa namna hii utakuwa mrefu mno. Ni kweli. Pikipiki kumi katika mstari mmoja kwa mwendo wa 60 zitachukua mita 300 hivi. Dawa yake ni kuugawa msafara katika makundi ya watu watano watano, na kati ya kundi na kundi kuwe na nafasi ya kutosha lori au basi kupita na kurudi upande wake. Mtakutana kituoni mlichokubaliana, hakuna atakayepotea.

Tuje kwenye breki. Vijana wengi huiogopa breki ya mbele wakiamini kwamba itawabwaga, hivyo hutegemea ya nyuma peke yake. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo hushika ardhi zaidi. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, na likibanwa kwa nguvu husimama kuzunguka na kuteleza. Tumia zote mbili kwa pamoja. Ile ya mbele ikamuliwe kwa kuongeza nguvu taratibu, kama mtu anayekamua ndimu, wala isinyakuliwe ghafla. Punguza mwendo kabla ya kona, chombo kikiwa kimesimama wima, si ndani ya kona kikiwa kimelala. Kwenye changarawe na tope, mkono uwe mwepesi zaidi.

Na katika mteremko wa kwenda ziwani kuna kosa linalofanywa kwa ajili ya kubana mafuta: kuzima injini au kuweka gia huru na kuiachia pikipiki iserereke. Injini iliyo katika gia ndogo humsaidia dereva kuzuia mwendo. Ukiiondoa, mzigo wote huangukia breki. Breki hufanya kazi kwa msuguano, msuguano huzaa joto, na breki iliyopata moto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika, pengine katika kona ile ile unayoihitaji. Akiba ya mafuta ya shilingi chache haifanani na thamani ya mguu, sembuse roho.

Dini yetu haikutuacha bila mwongozo katika haya. Mtume (s.a.w.) amewafundisha wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Basi msafara usiondoke bila amiri, naye awe mtulivu kuliko wote, si mwenye pikipiki ya kasi kuliko zote. Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akibaki nyuma katika safari ili awasaidie wanyonge. Mweke basi dereva mzoefu mkiani, na yule mgeni wa barabara au aliyebeba mama mtu mzima akae karibu na kiongozi, ili mwendo wa msafara uwe mwendo wake.

Wazazi na kamati za misikiti, robo saa kabla ya kuondoka yatosha. Kagueni breki, matairi na taa za nyuma. Kila kichwa kiwe na kofia ngumu, cha dereva na cha abiria, kama sheria inavyotaka. Mishikaki ikataliwe. Akina mama wakunje mabuibui na mitandio mbali na gurudumu na mnyororo. Kisha isomwe dua ya safari. Aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Allah, leo ataikaza breki yake kwanza.

Tukumbuke pia kwamba anayemuua Muumini kwa kukosea ana wajibu mzito, kama tunavyousoma katika Suratun Nisaa, aya ya 92: mna diya kwa familia ya marehemu, na kafara ambayo asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Kijana aliyemgonga nduguye kwa nyuma hakukusudia, lakini mjane na mayatima wapo, na siku 60 za funga hazimrudishi mtu nyumbani.

Basi mwanao akija kuaga kwamba wanakwenda Maulidini kwa msafara, muulize mambo matatu: amiri wenu ni nani, nani yuko nyuma, na mtaachiana nafasi gani? Akishindwa kujibu, mwambie asubiri kwanza hadi wapatane.

Wabillahi tawfiq.