Tuunde vikundi vya masomo, wanafunzi pamoja na walimu

Wandugu wanafunzi, asistanti na maprofesa,

Kwenye vyuo vya inchi yetu tunaona mambo yale yale kila mwaka. Oditwari imejaa, mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika. Silabusi inauzwa, mwenye hana pesa anangoja mwenzake amalize ili afotokope. Siku ya mitihani, kila mutu anajitetea peke yake. Mwenye kuanguka anasema profesa ni mubaya, profesa naye anasema vijana hawasomi.

Sisi tunakataa hiyo. Kidole kimoja hakiui chawa.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, serikali imeleta mfumo wa LMD mahali pa ule wa zamani, wa graduat miaka 3 na lisansi miaka 2. Sasa lisansi ni miaka 3 na kredi 180, ni kusema 60 kila mwaka. Na kredi haihesabu tu saa za kukaa mbele ya mwalimu. Inahesabu pia saa za mwanafunzi kujitafutia mwenyewe. Vizuri. Lakini atatafuta wapi, kama vitabu ni vichache, umeme unakatika na mega ni bei kali? Mwenye baba yake iko na pesa atapita. Na mtoto wa mama mwenye kuuza makala?

Kwa hiyo tunapendekeza kitu chenye sisi wote tunajua: likelemba. Safari hii, likelemba ya akili. Watu 6 ao 8 wa promosheni moja wanakutana kila wiki. Kila mmoja anakamata sura moja, anaisoma mpaka mwisho, anafasiria wenzake. Silabusi moja inatosha watu wote. Na mwenye kufasiria ndiye anaelewa zaidi, juu hawezi kufasiria kitu chenye hakielewi.

Walimu nao wanapata faida. Asistanti akipita katika kikundi, anajua mapema wapi watu wamekwama, hangoji kushangaa wakati wa kusahihisha. Walimu wawili wakipatana, yule wa takwimu anaweza kukamata mifano yake katika kozi ya uchumi, na mwanafunzi anaona kama kozi zinaungana. Huko Marekani, mwaka 1927, Alexander Meiklejohn alifungua Experimental College kwenye chuo kikuu cha Wisconsin, walimu na wanafunzi wakafanya kazi pamoja juu ya mada zile zile. Ilifungwa 1932, lakini wazo halikufa.

Tuseme wazi: kikundi si njia ya kununua pointi, wala ya mwalimu kuita binti nyumbani kwake. Mukutane chuoni, mchana, wote pamoja.

Na kikundi hakifuti deni la serikali. Vitabu na mishahara ya walimu tutaendelea kuvidai. Kwa wakubwa wa vyuo tunaomba mambo mawili yenye hayaombi bajeti kubwa: vyumba vibaki wazi kisha masomo, na saa za asistanti katika vikundi zihesabiwe kama kazi.

Wewe mwenye kusoma hii, usingoje tangazo. Kesho, ita wenzako watano. Anzeni na kozi yenye inawaogopesha zaidi.

Tusome pamoja, tupite pamoja!