Majembe yalitangulia misafara



Mama mmoja aliyezaliwa Ngara na kuolewa Biharamulo ametuletea swali ambalo tulikaa nalo wiki mbili kabla ya kulijibu. Kijana wake wa sekondari alirudi nyumbani na daftari la Historia lililojaa habari za Baghdad, Cordoba, Mali na Kilwa. Akamwuliza mama yake: na sisi wa huku, wakati huo tulikuwa wapi? Mama akamjibu kuwa huku palikuwa pori tupu mpaka Waarabu walipopita na misafara yao. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo, mama, dini yetu tuliletewa na wauza watumwa." Mama anasema alikosa neno, na chakula cha usiku ule kililiwa kimya kimya.

Ndugu msomaji, tukilitazama vyema jambo hili tutaona kuwa swali la pili la kijana lilizaliwa na jibu la kwanza la mama. Ukishamwambia mtoto kuwa kwao hapakuwa na kitu, umemlazimisha kuamini kuwa kila alichonacho leo alikipokea kwa yule wa kwanza kupita. Tuanze basi na lile la kwanza.

Mwaka 1331 msafiri maarufu wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Ilikuwa miaka saba tu tangu Mansa Musa wa Mali apite Cairo akienda Hijja, akagawa dhahabu nyingi hata bei yake ikashuka. Baghdad, iliyojengwa mwaka 762, ilikuwa imekwisha kuangushwa na Wamongolia mwaka 1258, na biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa imeota mizizi katika bandari nyingi ndogo ndogo. Ibn Battuta aliikuta Kilwa chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake, na akawasifu wakazi wake kwa uchamungu, nao wakifuata madhehebu ya Shafi. Utajiri wa mji ule ulitokana hasa na dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, iliyoshushwa hadi Sofala na kutoka hapo kuvukishwa kwa majahazi.

Hapa pana jambo ambalo tungependa kijana aliandike kwa wino mzito. Sarafu ya shaba ya sultani huyo huyo imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, pamoja na vyombo vya kauri vya China na shanga za kioo zilizotoka ng'ambo. Bidhaa zilifika. Msikiti haukujengwa. Watawala wa Zimbabwe waliuza dhahabu yao, wakapokea nguo na shanga, na wakabaki na dini yao. Kilwa ilikuwa vingine, kwa sababu wafanyabiashara waliokuja pale waliweka makazi, wakaoa, wakazaa, wakazika wazee wao, na watawala wenyewe wakasimama safu moja nao katika sala. Shanga haina uwezo wa kusomesha mtu. Dini husafiri na mwanadamu anayekaa mahali, na hukaa pale tu ambapo mwenye nchi amempa nafasi ya kukaa.

Sasa tupande kutoka pwani hadi huku kwetu, katika karne hizo hizo.

Kaskazini ya Mto Kagera, katika Uganda ya leo, watu wa Ntusi walikuwa wakifuga ng'ombe na kulima nafaka tangu karibu na karne ya 11, nao wa Bigo wakachimba mahandaki ambayo yakiunganishwa yanazidi kilomita 10. Kazi ya namna hiyo haifanywi na watu wasio na serikali. Yuko aliyeamuru, yuko aliyehesabu wachimbaji, na yuko aliyewalisha. Upande wa Bukoba, chuma kilikuwa kimeyeyushwa kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla Kilwa haijajenga msikiti wake mkuu. Kusini, chemchemi za Uvinza zilikuwa zikitoa chumvi, na watu wakiifuata kutoka mbali.

Falme tunazozijua kwa majina zilifuata. Masimulizi ya wazee yanamtaja Ruhinda kuwa chimbuko la koo za Wahinda zilizotawala Karagwe na Buzinza, na wanahistoria wengi huuweka mwanzo huo karibu na karne za 15 na 16. Rusubi, ambayo wasafiri waliiita Usui na ambayo ndiyo kiini cha Biharamulo, ilijitenga na Buzinza baadaye. Ngara ilikuwa na Bushubi, na Bugufi iliyokuwa ukingoni mwa Burundi. Alama ya utawala ilikuwa ngoma, si kiti cha dhahabu; kwa majirani zetu neno la ngoma na neno la ufalme ni moja. Mtawala alishika watu kwa ng'ombe aliowakabidhi wakuu wake, kwa kodi ya mavuno na vibarua, na kwa kibali cha waganga na wapiga ramli, ambao aghalabu waliogopwa kuliko askari. Hatuna haja ya kuipamba imani hiyo, kwa kuwa ilichanganya mengi ambayo Uislamu unayakataa. Lakini Mhangaza alilijua jina la Imana, Muumba wa vyote, kabla hajasikia adhana hata moja, na hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

Uti wa mgongo wa biashara ya huku ulikuwa jembe. Wahunzi wa Buzinza waitwao Barongo walichimba mawe ya chuma, wakachoma mkaa, wakajenga tanuru la udongo na kuvukuta mivukuto hadi jiwe likaachana na takataka zake. Jembe lililotoka hapo lilikuwa chombo cha kazi, lilikuwa mahari, na lilikuwa fedha. Lilipelekwa Usukuma na Unyamwezi, na huko likabadilishwa kwa mbuzi, ng'ombe au chumvi. Mtu wa soko hili aliuza kwa mtu wa soko la pili, na yule wa pili kwa wa tatu. Kwa njia hiyo shanga ya baharini iliweza kufika nchi za maziwa pasipo mtu yeyote aliyeitembea njia nzima. Hakuna aliyeandika safari zile, wala hakuna sultani aliyeziwekea sarafu. Ndiyo maana daftari la kijana halina habari zake. Mwenye kalamu hukumbukwa kuliko mwenye nyundo.

Misafara ya pwani ilipofika, katika karne ya 19, ilipita humo humo. Kutoka Unyanyembe, yaani Tabora, ilipanda hadi Usui, ikaingia Karagwe, na kutoka hapo ikaelekea Buganda. Mwingereza Speke alipita Usui mwaka 1861 akitafuta chanzo cha Nile. Mtawala wa huko, Suwarora, alimzuia mpaka alipe hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Speke alilalamika sana kitabuni mwake. Dereva wa lori anayesubiri karatasi zake leo pale Rusumo au Kabanga pengine angemwonea huruma, lakini sisi tunaliona jambo hilo kwa jicho jingine: nchi inayoweza kuusimamisha msafara wenye bunduki mpaka ulipe ushuru haikuwa pori.

Na tutazame milango ilivyofunguliwa na kufungwa. Rwanda na Burundi zilikataa misafara. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuingia Burundi akarudishwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Karagwe ilifungua, na wafanyabiashara wakaweka kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mtawala. Ngara na Biharamulo zilikaa hasa kwenye mpaka huo, mashariki njia ya misafara, magharibi mlango uliofungwa. Msomaji anayejiuliza kwa nini Uislamu ulichelewa Burundi na Rwanda lakini ukawahi Buganda, ambayo ni mbali zaidi na Tabora, ajibiwe kwa hilo. Waliochagua walikuwa wafalme wa Kiafrika, kila mmoja kwa maslahi ya ufalme wake.

Mmoja wa waliokaa Kafuro kwa miaka mingi alikuwa Ahmed bin Ibrahim. Mwaka 1844 alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda, akamkuta akiamuru watu wauawe. Akasimama mbele yake na kumwambia kuwa watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na kuwaua pasipo haki ni dhambi. Walioshuhudia hawakuzoea kumwona mtu akimkatalia Kabaka. Suna hakumuua, alimwita tena na tena amweleze huyo Mungu ni nani. Kutoka katika mazungumzo yale mbegu ikaota. Mutesa, mwanawe Suna, alifunga Ramadhani kwa takriban miaka 10 kuanzia 1867, na mwaka 1876 makumi ya vijana wa Kiganda wakauawa kwa kukataa kula nyama ya mfalme asiyetahiriwa.

Sasa swali la pili la kijana, na hapa tunamwomba mama asitafute njia ya kukwepa. Ahmed bin Ibrahim huyo huyo, wasafiri waliomkuta Kafuro waliandika kuwa alikuwa na pembe za ndovu, ng'ombe na watumwa. Kinywa kilichomwambia Suna kuwa damu ya watu si mali yake ndicho kilichowaamuru watumwa uani. Misafara iliyopita Usui ilibeba pembe na ilibeba watu, na wengi waliouzwa walikuwa watu huru waliotekwa vitani au kuibwa njiani. Sheria ya Kiislamu inahesabu kumuuza mtu huru kuwa dhambi kubwa, na mafakihi walikubaliana katika hilo. Waliofanya hivyo waliijua hukumu. Kijana akiambiwa kuwa ni uzushi wa wamishenari, atakuja kuyasoma yote mwenyewe akiwa chuoni, na siku hiyo hatapoteza imani kwa misafara tu, atapoteza imani kwa mama yake.

Hata hivyo hesabu yake ina kasoro. Vijana waliokufa Buganda mwaka 1876 hawakuwa wauza watumwa. Waliofundisha watoto alifu na bee katika vijiji vya huku, aghalabu katika zama za Wajerumani na Waingereza, walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliobaki njiani, askari waliostaafu, wachuuzi wa nguo na chumvi, na wake zao waliozaliwa papa hapa. Walifanya walichofanya watu wa Kilwa karne nyingi kabla yao: walikaa, wakaoa, wakazika wazee wao. Kijana akaulize nyumbani ni nani wa kwanza kusali katika ukoo wake, na alisomeshwa na nani. Yamkini jina atakalopewa si la Mwarabu.

Katika barua yake mama ametaja kwa kupita tu kuwa watoto hulima na kukuta mabonge meusi, mazito, yenye matundu, nao huyatupa kwenye mtaro. Kwa maelezo yake tunadhani hayo ni mavi ya chuma, takataka ya tanuru la wahunzi. Tunamwomba asiyaache yatupwe. Aoshe bonge moja, aliweke mezani kando ya lile daftari, na yaliyobaki yakae pale pale yalipo shambani, kwa kuwa wataalamu wa mambo ya kale huhitaji kuyakuta yalipoangukia.