Uamuzi wa Mwisho Uwanjani, Maelezo Nje ya Uwanja

Mjadala kuhusu waamuzi wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara mara nyingi huendeshwa kana kwamba mwamuzi ama aheshimiwe bila kuhojiwa, ama kila uamuzi wake unaolalamikiwa ubatilishwe; ilhali mambo mawili, yaani mamlaka ya kuamua na wajibu wa kueleza, hayapingani hata kidogo, na udhaifu wa soka la nchi hii umo katika hilo la pili.

Sheria ya 5 kati ya sheria 17 za soka inasema kwamba uamuzi wa mwamuzi kuhusu yaliyotokea mchezoni, likiwamo suala la kama bao limefungwa au la, ni wa mwisho. Msingi huo ni wa haki, kwa sababu bila huo, msimamo wa ligi ungepangwa ofisini badala ya uwanjani, na klabu yenye wanasheria wengi ingekuwa na nguvu kuliko klabu yenye washambuliaji hodari.

Baada ya mchezo, ripoti za maofisa hufika mbele ya kamati ya Bodi ya Ligi maarufu kwa jina la Kamati ya Saa 72, ambayo mara kwa mara huwaondoa waamuzi katika ratiba kwa mizunguko kadhaa kwa kosa la kushindwa kutafsiri sheria. Adhabu hiyo ni ya lazima, lakini taarifa fupi inayotaja jina na idadi ya mizunguko haimfundishi mwamuzi mwingine, haimwelimishi shabiki, wala haibainishi iwapo mwamuzi alikosea kwa kuzibwa asione tukio, kwa kutoijua sheria au kwa upendeleo.

Uzito wa ukimya huo huonekana zaidi mbali na Dar es Salaam. Katika njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, klabu mbili, Tabora United na Mashujaa ya Kigoma, zilipanda Ligi Kuu kwa pamoja msimu wa 2023/24. Malalamiko ya Simba na Yanga za Dar es Salaam hujadiliwa redioni kwa wiki nzima, lakini anayelalamika kutoka Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora hana kipaza sauti cha ukubwa huo, hivyo utaratibu ulioandikwa na unaomhusu kila mmoja ndio kinga yake pekee. Mshindi naye anauhitaji: Tabora United ilipoifunga Yanga mabao 3-1 huko Chamazi Novemba 2024, ilistahili ligi ambayo ndani yake matokeo ya kushangaza hupokewa kama kazi ya wachezaji, si kama jambo la kushukiwa.

Wapo wanaoamini kwamba VAR, yaani mfumo wa video unaomsaidia mwamuzi, utamaliza ubishi. Aprili 2024, huko Pretoria, mfumo huo ulikuwapo wakati shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns lilipogonga mwamba na kudunda karibu na mstari, lakini bao halikutolewa na ubishi ukaendelea. Waamuzi wa Misri walioletwa kuchezesha mchezo wa Simba na Yanga Juni 2025 walituliza hofu ya siku moja, bila kujenga imani kwa waamuzi wa nyumbani.

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani inatoa funzo bora. Juni 2, 2010, mwamuzi Jim Joyce alikosea katika hatua ya mwisho kabisa na kumnyima Armando Galarraga mchezo kamili, yaani ule ambao mrushaji hamruhusu mpinzani hata mmoja kufika kituoni. Siku hiyo hiyo Joyce alikiri kosa lake hadharani, uamuzi ukabaki kama ulivyo, na mwaka 2014 ligi hiyo ikapanua matumizi ya marudio ya video.

Kwa hiyo Bodi ya Ligi na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) zichapishe, kwa kila uamuzi mkubwa unaolalamikiwa, picha ya tukio, sheria iliyohusika na sababu za hitimisho, iwe mwamuzi alipatia au alikosea, na zifanye hivyo kwa mchezo wa Tabora au Kigoma kwa uzito uleule wa mchezo wa watani wa Kariakoo, Simba na Yanga.