Prezida mwenye kuchoka si sifa ya koperative



Msimu wa kahawa ukifika huku Kivu, kuna sifa moja yenye tunasikia sana juu ya viongozi wetu: "Prezida wetu anajikaza, hata usiku halale." Watu wanaisema na furaha. Sisi tunaona ya kwamba hiyo si sifa. Ni alama ya kwamba kuna kitu hakikutengenezwa vizuri ndani ya koperative, na mwenye atalipa si prezida peke yake. Atalipa kila mwanamemba mwenye kuleta serize yake kwenye mzani.

Kahawa haingoji mtu. Serize ikishatoka kwenye muti, inaanza kuchacha. Inapaswa kumenywa siku ile ile. Ikilala ndani ya mufuko, ladha inaharibika, na hakuna mashini wala jua lenye litairudisha. Sasa angalieni stasio yenye ufunguo wa depo uko mfukoni mwa mtu mmoja, kesi iko mikononi mwake, namba ya mnunuzi iko ndani ya telefone yake, na mafuta ya mashini anayanunua yeye mwenyewe. Siku anaenda mjini kufuata feza, kazi yote inasimama. Akirudi mangaribi, anakuta watu mstari, amechoka, ana njaa, na kila mtu anamuita. Pale njo anajibu vibaya mama mwenye alitembea masaa mbili na kilo 20 kichwani.

Neno baya moja linatosha. Kesho yake yule mama hataleta serize. Ataimenya nyumbani kwa jiwe, atauzia mchuuzi mwenye analipa papo hapo, hata kama bei iko chini. Wengine wanapakia kahawa usiku ndani ya mtumbwi kwenda Rwanda, na wote tunajua ya kwamba ziwa lilimeza watu wengi kwa safari za namna hiyo. Kwa hiyo uchovu wa kiongozi si mambo yake ya nyumbani. Unagusa kilo, bei, na mara zingine uzima wa watu.

Wamoja wanasema: "Nikimuachia mwengine ufunguo, ataharibu, ama ataiba." Tunaelewa ile woga. Lakini feza yenye inapita mikononi mwa mtu mmoja njo inapotea kwa urahisi, sababu hakuna mwengine mwenye anaijua. Na hata kama haikupotea, watu watasema imepotea, na prezida hatakuwa na shahidi. Mnaona wamama wa AVEC? Sanduku lao liko na kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na yule mwenye kulaza sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Yeye analala usingizi. Wamama wengi kati yao hawakusoma sana, lakini walielewa jambo lenye makomite yetu mengi bado kuelewa: kugawa ufunguo ni kumlinda mwenye kuchunga.

Hata sheria inatuonyesha njia hiyo. Tangu mwaka 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria yake juu ya makoperative inasema kila mwanamemba ana sauti moja, mkutano mkuu njo unachagua wenye kuongoza, na kunapaswa kuwa watu wengine wa kuangalia kazi ya wale wenye kuongoza. Haisemi popote ya kwamba prezida apime kilo, alipe watu, anunue mafuta na kufunga depo.

Kugawa kazi si kusema tu "saidia hapa". Ni kumupa mtu kazi pamoja na uwezo wake. Kama mpimaji anapaswa kumuita prezida mbele ya kukataa serize yenye haikuiva, bado hajapewa kazi. Andikeni ndani ya daftari: nani anapima, nani anaandika, nani anafungua mashini, nani anatoa feza, na nani anamupokea kila mmoja kama amegonjwa. Koperative ndogo itasema haina watu. Lakini kwenye kila kilima kuko vijana wenye walimaliza masomo na wako nyumbani. Kuandika kilo na jina bila makosa, wanaweza.

Kisha, saa. Tufanye hesabu. Tuseme wanamemba 60 wanaleta serize, na kila mmoja anachukua dakika 3 kwenye mzani. Ni dakika 180, maana yake masaa 3. Kama wote wanakuja saa kumi ya mangaribi, wa mwisho anapimwa saa moja ya usiku, na mashini inamalizia kazi kati ya giza. Lakini mukigawa vilima viwili, 30 waje saa nane na 30 saa kumi, wa mwisho anamaliza saa kumi na moja na nusu, na hakuna mwenye alisimama zaidi ya saa moja na nusu. Watu ni wale wale, mzani ni ule ule. Kilichobadilika ni mpango, na makelele yanapunguka.

Juu ya hasira, tunaona ya kwamba nyingi inatoka kwa kutokujua. Mkulima anaweza kuvumilia kungoja malipo posho mbili. Kile hawezi kuvumilia ni kuambiwa "kesho" mara kumi. Andikeni bei na siku ya malipo kwenye ubao mbele ya depo. Kama feza imechelewa, semeni imechelewa, na semeni siku gani mutaleta habari mpya. Hapo telefone ya prezida haitalia usiku kucha.

Na mzani, njo mahali pa ugomvi mkubwa. Tafuteni kitu chenye uzito wake unajulikana, mukipime kila siku mbele ya watu kabla ya kuanza. Mtu akibisha, mumpimie tena, bila matusi. Kama mpimaji amekosa, mumuonye pembeni, si mbele ya mstari. Mtu mwenye alipata haya mbele ya watu hajifunzi. Anatafuta namna ya kulipiza.

Inabaki mtu mwenyewe. Kiongozi mwenye halale, anasahau vitu, anafoka juu ya jambo dogo, anakunywa kusudi apate usingizi, huyu ameshazidiwa. Asingoje kuanguka. Amuambie mwenzake mmoja wa komite, na komite imupe siku mbili za kukaa na watu wake. Siku moja ya kupumuzika ndani ya juma, kwa zamu, iandikwe ndani ya mpango sawa siku ya kazi. Kwetu kuna mambo yenye hatuwezi kuyapanga: vita, barabara kukatika, mvua ya mawe. Juu ya hayo njo inafaa kupanga yale yenye tunaweza, kusudi shida kubwa ikifika ikute watu wako bado na nguvu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwenye mkutano wenu wenye kuja, mbele ya msimu kuanza, mwanamemba mmoja asimame aulize hivi, kwa heshima: "Prezida wetu akigonjwa siku tatu kati ya mavuno, stasio itatumika?" Kama jibu ni apana, musifunge mkutano mbele ya kuandika majina ya wenye watapokea kila ufunguo.