Shylock na Pete ya Leah
Na Rehema Mwakitalu

Kila ninaposoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, najikuta namsubiri Shylock. Antonio ni mkarimu, yuko tayari kufa kwa ajili ya rafiki yake, lakini akishaondoka jukwaani nimemsahau. Asiyenitoka akilini ni yule anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mtu kwa deni la dukati 3,000.

Wapo wanaosema wasomaji wa siku hizi wameharibika, wanashabikia maovu. Sikubali. Uovu mtupu haumvuti mtu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu wanamtosa baharini ndugu yao aliyewafadhili, na sijakutana na msomaji anayewapenda. Majina yao yameshamaliza habari kabla hawajafungua midomo.

Shylock ana kisa. Antonio amemtemea mate na kumwita mbwa, kisha huyohuyo anakuja kukopa. Halafu binti yake, Jessica, anatoroka na mchumba wake, wakibeba fedha na vito vya mzee. Rafiki yake Tubal anamletea habari kwamba pete mojawapo Jessica ameitoa kwa kubadilishana na kima. Shylock haulizi bei. Pete ile alipewa na Leah, tangu hajaoa. Leah hatajwi tena katika mchezo mzima, lakini kwa maneno hayo machache mla riba amegeuka mgane anayeumia mbele yetu.

Kisu anachokinoa mahakamani bado ni kisu cha muuaji, na ni haki azuiwe. Ila najua hasira ile imetoka wapi. Upande wa pili, wema wanashinda kesi, wanampokonya mali, na Antonio mwenyewe anashurutisha abadili dini. Hakuna hata mmoja wao anayejiuliza kama wamezidisha. Hapo ndipo mashujaa wanaponipoteza.

Riwaya zetu nyingi zina tajiri dhalimu aliyezaliwa dhalimu, akipambana na kijana asiye na doa. Waandishi wetu, mnaweza zaidi ya hapo. Huyo anayepora mashamba ya wajane, nataka kujua anamwogopa nani, alimpenda nani akakataliwa, na ni kitu gani nyumbani mwake ambacho hawezi kukiuza kwa bei yoyote.